Hilux ya zamani yenye umeme wa kuja na kuondoka: kutoka dalili hadi chanzo

Gari lililokufa kabisa ni kazi nyepesi kuliko gari linalowaka vizuri kwa fundi kisha likagoma shambani. Hitilafu ya kudumu inakusubiri uipime. Ya kuja na kuondoka hujificha, na hapo ndipo pesa huteketea: betri mpya, alteneta ya mtumba, stata ya kubadilishana, na baada ya muda mfupi dalili ni ileile.

Maelezo haya yanahusu Hilux za dizeli za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye injini za 2L, 3L na 5L na pampu ya dizeli isiyo na kompyuta. Pikapu nyingine za umri huo zina mpangilio unaokaribiana na huo, ila majina ya fyuzi hutofautiana. Katika gari la namna hii, chanzo karibu kila mara ni mguso unaoachia: ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari) yenye kutu, pini ya soketi iliyotanuka, kontakti za swichi zilizolika, waya uliochubuka kwenye chasi, au ungio la kusokota na tepu lililowekwa na mtu aliyefunga redio, alamu au spotilaiti.

Maswali ya kuuliza kabla ya kushika spana

Tatizo hutokea lini? Likija gari likiwa limepata moto, shuku koili ya solenoidi (sumaku ya umeme inayosukuma au kufungua kitu), rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au lehemu iliyopasuka ndani ya kifaa. Likija kwenye barabara ya changarawe au unapovuka tuta, shuku kichwa cha betri, soketi na waya unaocheza. Likija baada ya mvua au baada ya kuosha injini kwa pampu, shuku soketi zilizoingia maji. Likija unapowasha taa kubwa, feni ya hewa na waipa kwa pamoja, shuku ethi kuu na njia ya chaji.

Kisha uliza: ni vitu gani vinakufa kwa wakati mmoja? Hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu vitu vinavyokufa pamoja vina fyuzi moja, ethi moja au soketi moja. Kuisoma michoro ya waya kunasaidia, lakini hata kifuniko cha boksi la fyuzi kinatosha kuanzia. Kwenye Hilux nyingi za miaka ya 1990, kwa mfano, fyuzi ya GAUGE hulisha geji za dashibodi, taa ya chaji na taa za rivasi. Geji zikilala unapoingiza gia ya rivasi, tayari unajua tawi la kufuata.

Vya kuwa navyo

Multimita ya kawaida, taa ya kupimia uliyoitengeneza kwa holda, balbu ya wati 21 na nyaya mbili ndefu zenye klipu, balbu mbili ndogo za wati 5, waya wa akiba wa mita 5 wenye fyuzi ya ampea 10 katikati, msasa laini, brashi ya waya, na fyuzi za akiba. Rangi za fyuzi bapa ni kahawia kwa ampea 7.5, nyekundu kwa 10, bluu kwa 15, njano kwa 20 na kijani kwa 30. Ukikuta kijani mahali palipoandikwa 10, hapo kuna mtu aliyeshindwa kupata shoti akaamua kuinyamazisha. Anza hapo.

Kwa nini taa, wakati multimita ipo? Multimita haivuti karibu umeme wowote. Waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti 12 safi, nawe utasema umeme upo. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, na uzi mmoja uliooza hautamudu: taa itafifia. Hesabu yenyewe ni fupi. Ungio lenye ukinzani wa omu 0.01 likipitisha ampea 1.75 linapoteza volti 0.02 tu, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Ungio hilohilo likipitisha ampea 200 za stata linapoteza volti 2, na joto la wati 400 linazalishwa pale pale. Ndiyo maana taa zinaweza kuwaka kama mchana huku stata inapiga "ta!" na kunyamaza.

Unapopima kwenye soketi, ingiza ncha kutoka nyuma, upande wa nyaya, kwa pini nyembamba. Ukisukuma ncha nene kwenye tundu la mbele unaitanua pini ya kike, na umeongeza hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza. Usitoboe ganda la waya pia. Maji huingia kwenye tundu hilo na kutu ya kijani hutambaa ndani ya shaba bila kuonekana.

Stata: mara inapiga, mara inagonga tu

Weka gia huru, vuta hendibreki, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu ili injini isiwake, kisha mtu mwingine azungushe ufunguo wakati wewe unasoma multimita. Kila kipimo kifanyike stata ikiwa inazunguka au inagonga, kwa muda usiozidi sekunde kumi.

Anza na betri yenyewe, ncha zikigusa risasi ya nguzo na si kichwa cha waya. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Inapopiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, ichaji kwanza na urudie. Bila betri nzima vipimo vinavyofuata havina maana.

Halafu pima upotevu wa volti:
- nguzo ya betri hadi kichwa chake cha waya: usizidi 0.1
- nguzo chanya hadi bolti kubwa ya stata: usizidi 0.5
- nguzo hasi hadi bodi ya stata: usizidi 0.3

Kichwa cha betri kinaweza kung'aa kwa nje na kuwa na utando mweusi ndani, pale kinapokumbatia nguzo. Kitoe, kisugue kwa msasa pamoja na nguzo, kifunge, kisha paka grisi kwa juu. Kama kichwa kinafika chini bila kubana, kata ukanda mwembamba wa risasi uuzungushie nguzo, au badilisha kichwa. Msumari uliopigiwa ndani, ambao huonekana kwenye magari mengi, hugusa sehemu mbili tu na huachia kwa mtikisiko.

Upande wa hasi ndio unaosahaulika. Ethi ya injini iliyolegea haizimi gari. Umeme hutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia kebo ya eksilereta au ya spidi, na kebo hizo hupata moto. Jaribio la haraka: unganisha kebo moja ya kuchangia moto kutoka nguzo hasi ya betri hadi chuma kisafi cha injini. Stata ikichangamka ghafla, umeshapata. Legeza ethi zote, yaani betri hadi injini, betri hadi bodi, na mkanda unaotoka injini kwenda kwenye ukuta wa kebini. Sugua hadi chuma king'ae chini ya terminali na ufunge upya. Mkanda uliooza usiufunge tepu. Weka kebo mpya isiyopungua milimita za mraba 25.

Kama vipimo vyote ni vizuri na stata bado inagonga mara moja bila kuzunguka, tazama kontakti za shaba ndani ya solenoidi. Stata za Denso zinazotumika kwenye Toyota hizi zina vipande viwili vya shaba, na plunja (fimbo inayosogea) yenye sahani inayoviunganisha. Kila ukipiga stata, cheche inakula shaba kidogo, na kipande cha upande wa kebo ya betri huelekea kulika zaidi. Kikishuka chini ya mwenzake, sahani haigusi pande zote mbili, au inagusa leo na kukosa kesho. Hakikisha hivi: weka multimita kati ya bolti kubwa mbili za solenoidi wakati inagonga. Ikisoma karibu volti zote za betri, kontakti hazigusani. Ikisoma karibu sifuri na stata haizunguki, tatizo liko kwenye mota yenyewe, pengine kaboni (brashi zinazoipitishia umeme). Kontakti na plunja huuzwa kama seti na hubadilishwa bila kugusa mota. Ondoa kebo hasi ya betri kwanza. Kununua stata nzima ya mtumba kwa sababu hii ni kununua kontakti za mtu mwingine zilizolika.

Na kama haigongi kabisa? Pima kwenye waya mdogo wa solenoidi ufunguo ukiwa umezungushwa. Pakiwa na volti 10 au zaidi na hakuna mlio wa kugonga, solenoidi ni mbovu. Pakiwa na 6 au 7, umeme unapotelea njiani, na mshukiwa wa kwanza ni kontakti za swichi ya funguo. Sehemu ya umeme ya swichi hukaa nyuma ya silinda ya funguo na mara nyingi hubadilishwa peke yake. Kufunga rilei inayolisha waya huo moja kwa moja kutoka betri kunasaidia, maana solenoidi huvuta umeme mwingi kuliko kontakti kuukuu zinavyoweza kubeba.

Injini inazimika njiani, kisha inawaka yenyewe

Sikiliza namna inavyozimika. Kuzimika kwa ghafla, kama mtu amezungusha ufunguo, ni umeme. Kuzimika kwa kukohoa, kupanda na kushuka, ni mafuta au hewa kwenye njia ya dizeli, na muda wa kuhangaika na nyaya haustahili.

Pampu ya injini hizi ina solenoidi moja ya kukata mafuta. Ikipata umeme inafungua, ikikosa inafunga na injini inakufa. Washa swichi bila kupiga stata, mwenzako akigusa solenoidi: inapaswa kugonga kila unapounganisha waya wake. Lakini kugonga leo hakuthibitishi chochote kuhusu jana barabarani.

Njia ya kuikamata ni balbu mbili ndogo. Ya kwanza iunganishe kwenye waya wa solenoidi palepale kwenye pampu, ya pili kwenye upande wa kutokea wa fyuzi inayolisha tawi hilo, zote zikipata ethi moja kwa moja kwenye nguzo hasi. Pitisha nyaya hadi ndani ya kebini, uzione ukiwa unaendesha. Kisha nenda kwenye barabara mbaya. Injini ikizimika na zote mbili zinawaka, umeme haukukosekana: tazama koili ya solenoidi, ambayo ikipata moto inaweza kukatika na kuungana tena ikipoa, au urudi kwenye mafuta. Ikizimika ya pampu tu, waya umeachia kati ya fyuzi na pampu. Zikizimika zote, rudi nyuma kuelekea betri: fyuzi na vishikio vyake, swichi ya funguo, au waya mkuu.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, chungulia chini ya dashibodi. Gari likiwa na alamu au swichi ya siri ya kuzuia wezi, kuna uwezekano mkubwa waya huu wa solenoidi umekatwa na kupitishwa kwenye rilei ya bei rahisi kwa maungio ya kusokota. Iondoe, unganisha waya kama ulivyokuwa, na uendeshe siku chache. Kwa kweli hapa ndipo pa kuanzia kwenye gari lolote lililopita mikononi mwa wafunga alamu.

Swichi ya funguo nayo ina jaribio lake: injini ikinguruma, tikisa ufunguo kwa kidole bila kuuzungusha, juu, chini, pembeni. Injini ikisita au taa za dashibodi zikipepesa, umepata. Rundo la funguo zito linaloning'inia huharakisha ulikaji huo.

Waya mkuu wa fyuzi, ule mfupi ulio karibu na nguzo chanya, hudanganya. Ganda lake hubaki zima hata shaba ya ndani ikiwa imeungua nusu. Uvute kwa upole: ukinyumbuka kama raba, ndani umekatika. Badilisha kwa wa aina hiyohiyo. Waya wa kawaida mahali pake ni moto unaosubiri siku yake.

Taa ya chaji inapepesa, betri inachoka

Pima volti za betri injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika: 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Washa taa kubwa na feni. Isishuke chini ya 13.5. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) imepoteza udhibiti, na utaiona pia kwenye balbu zinazoungua ovyo.

Alteneta ina soketi ya pini tatu: mmoja unapata umeme wa swichi, mmoja unapima volti za betri, mmoja unakwenda kwenye taa ya chaji. Itikise injini ikiwaka. Chaji ikija na kwenda, pini zimetanuka. Zibane kidogo kwa ncha kali au badilisha soketi. Kwenye dizeli hizi pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya alteneta na inalainishwa kwa oili ya injini. Sili ikichoka, oili huingia ndani, kaboni hukwama kwenye vishikio vyake, na chaji hukatika na kurudi. Ukibadilisha kaboni bila sili, kazi utairudia.

Taa ya chaji inayowaka hafifu, si kamili wala si kuzima, huelekeza kwenye dayodi za alteneta (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) au upotevu wa volti kwenye mojawapo ya nyaya hizo. Weka multimita kwenye volti za AC, pima betri injini ikiwaka: ikizidi 0.5, dayodi zimeharibika. Mkanda unaozungusha alteneta uangalie kwanza kama umelegea, hasa kama tatizo huja asubuhi au wakati wa mvua.

Taa

Ukiwasha indiketa ya kushoto na taa ndogo inapepesa nayo, au ukikanyaga breki taa za nyuma zinafifia, ni ethi ya nyuma. Balbu yenye nyuzi mbili ikikosa ethi, umeme hurudi kupitia uzi mwingine na kuwasha visivyohusika. Unganisha waya kutoka kwenye ganda la holda hadi chuma kisafi cha chasi. Zikitulia, weka ethi ya kudumu hapo. Usitegemee bodi ya nyuma ijipatie ethi kwa bolti zake, hasa ikiwa ni bodi iliyochomelewa mtaani au gari linaishi pwani.

Taa kubwa za Hilux nyingi za zamani zina mtego wake. Waya wa pamoja wa balbu unapata chanya kutoka kwenye rilei, na swichi ya usukani hukata upande wa ethi kwa taa fupi na ndefu. Aliyezoea magari mengine atapima volti 12 kwenye pini zote tatu na kudhani kuna shoti. Unganisha klipu ya taa ya kupimia kwenye nguzo chanya ya betri, ndipo utafute pini inayopata ethi swichi inapobadilishwa. Taa zikifa zote mbili kwenye fupi lakini ndefu zinafanya kazi, kontakti ya swichi ya usukani ndiyo ya kutazama.

Fyuzi inayoungua mara moja moja

Usiendelee kulisha fyuzi. Itoe, na badala yake unganisha balbu ya wati 21 kwenye vishikio viwili vya fyuzi. Zima vitu vyote vya tawi hilo. Balbu isiwake, au iwake hafifu sana. Sasa tikisa waya sehemu kwa sehemu, mita kwa mita. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, mkono wako uko juu ya shoti. Balbu inazuia umeme usizidi ampea 2, hivyo unaweza kutafuta mchana kutwa bila kuunguza kitu.

Pa kutazama: waya wa swichi ya rivasi kwenye gia boksi, unaoweza kulala juu ya paipu ya egzosi, mstari wa nyaya juu ya chasi pale klipu zilipokatika, nyuma ya taa za mbele, chini ya usukani, na soketi ya trela ikiwa ipo. Ikiungua tu ukiingiza rivasi, nenda moja kwa moja kwenye gia boksi.

Betri inalala usiku

Zima kila kitu, fungua kebo hasi, weka multimita kwenye ampea 10 kati ya kebo na nguzo. Usipige stata multimita ikiwa hapo. Pikapu isiyo na alamu isizidi ampea 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Isiposhuka hata fyuzi zote zikiwa nje, tenganisha alteneta. Dayodi inayovuja hunyonya betri bila kupitia boksi la fyuzi. Ikiwa unyonyaji huja siku fulani tu, tazama taa za breki gizani: kipande cha plastiki kwenye pedali kinachobonyeza swichi huvunjika kwa uzee, na taa hubaki zinawaka pedali ikirudi vibaya.

Kuunga

Kata hadi ufike shaba nyekundu isiyo na weusi. Tumia terminali ya kubana na koleo lake, kisha mpira unaonywea kwa joto. Lehemu inakubalika ndani ya kebini, lakini kwenye chasi na injini hufanya waya uwe mgumu na ukatike pembeni mwa ungio kwa mtikisiko. Ukilazimika kuitumia, funga waya sentimita chache kila upande usicheze. Tumia waya wa unene uleule au zaidi, weka raba kila unapopita kwenye tundu la bati, na acha ulegevu kidogo kati ya injini na bodi, maana injini hujitikisa kila inapowaka na kuzima. Jaribio la mwisho lifanyike katika hali ileile iliyoleta dalili: kama ilikuwa mvua, mwagia maji, kama ilikuwa moto, endesha hadi ipate moto, kama ilikuwa mtikisiko, rudi kwenye barabara ileile.